Kabla Delmer Hajapiga Kura

Zimeni hiyo televisheni, mje mkae hapa kitandani, mmoja huku mmoja huku, nyie wanangu wawili ambao hamjaongea tangu majani yaanze kudondoka, na wewe Delmer usinikatize na hesabu zako. Kusoma sikusoma, ila masikio ninayo.

Kesho bodi ya chuo inakaa, na wewe Delmer una kura. Mnataka timu zetu zihame ligi hii ya milimani, tukacheze mpira wa kikapu na vyuo vikubwa vya mbali. Nilikusikia jikoni, siku ile mliyogombana, ukimwambia dada yako, "Verna, bila hela za kuonyeshwa kwenye televisheni chuo kitafungwa, utakwenda kufundisha mbuzi?" Na wewe Verna ukamjibu, "Afadhali mbuzi, wanalijua zizi lao!" Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikalia peke yangu.

Verna, uchungu wako naujua, umeolewa Corbel, kwa watani wetu wa ligi hii, na tukihama hatutacheza na Corbel tena. Tangu baba yenu Hobart yuko hai, anayeshinda ndiye anayempikia aliyeshindwa, maharagwe na mkate wa mahindi kwenye chumba cha chini cha kanisa, hakuna kupanda basi na njaa. Mumeo si tulimpatia pale? Kijana mrefu, kakosa mpira wa mwisho, analia juu ya sahani, nawe ukamwambia, "Kula bwana, chumvi tumeshatia." Hao wa mbali watakuja na ndege, wataondoka na ndege, hata majina yao hatutayajua.

Lakini kaka yako si mwizi, mwanangu. Paa la ukumbi linavuja, kocha anafua jezi nyumbani kwake, na timu ya wasichana wanasema mwakani huenda isiwepo. Hayo nayo yaangalie.

Na wewe Delmer, hizo hela za televisheni umezihesabu, je, nauli za ndege umezihesabu? Si za wavulana tu, na wasichana, na wale wa mpira wa wavu. Mtoto akiondoka Alhamisi akarudi Jumapili usiku, atasoma saa ngapi? Waulize hapo bodini, kwa sauti. Wakikujibu kwa kucheka tu, mkono wako ubaki mezani.

Vile viti viwili vya ukumbini, safu ya nne, nyuma ya benchi la wageni, alivyotuachia Hobart, kimoja cha Delmer, kimoja cha Verna, vinafuatana, wala msiuziane. Nasikia mkihama watapewa wanaochangia zaidi. Basi mkinyang'anywa, kaeni juu kabisa chini ya paa, mloane pamoja. Nyumba mtagawana, sina wasiwasi. Sufuria kubwa ni la kanisa, lirudisheni.

Nipe maji kidogo... Basi, yatosha.

Sikuambii upige kura ipi, Delmer. Nikikuambia utapiga kwa ajili ya maiti, na maiti hailipi mshahara wa kocha. Ninachokuagiza ni hiki. Corbel wasije wakayasikia haya redioni, kama jirani aliyehama bila kuaga. Leo hii, jua halijazama, panda gari na dada yako, ukakae mezani kwa shemeji yako, wamwite na kocha wao, uwaeleze usoni unachotaka kufanya na kwa nini. Watakutukana, wale nawajua, watakuita msaliti na mla njama. Vumilia, ule watakachokupa. Ukiona huwezi kuwaambia usoni, basi ujue huwezi kuipiga hiyo kura.

Mungu awashike, wanangu. Awape... awape subira ya kusikilizana, na watoto wenu wajuane. Verna, mpe kaka yako koti, nje kuna baridi. Msinibusu sasa, mtanichelewesha... nendeni. Mimi nimelala tu hapa, nasikiliza. Nikisikia milango miwili ya gari inafungwa... miwili, siyo mmoja... nitapumzika.