Futi Ataka Kuruti Simu

Benchi lenyewe liko ubavuni mwa kibanda cha fundi cherehani, pale ambapo kivuli cha paa hakihami mpaka jua lichoke. Limebonyea katikati kwa kukaliwa, na kila mtu ana bonde lake. Wakili hukaa mwisho wa kushoto; hajawahi kuwa wakili, alikuwa mlinzi wa mlango wa mahakama, akakaa pale miaka hadi sheria zikamwingia kwa masikio. Breki, dereva mstaafu wa lori, hukaa katikati. Jambo lolote likianza kwenda kasi, yeye lazima alikanyagie. Chaji, anayeuza chaja na makava kwenye meza ya kioo ya jirani, hukaa upande mmoja tu wa kalio, jicho likiwa kwenye biashara. Shangazi mwenye birika hakai. Huwauzia kahawa na kuwagawia maoni bure. Na fundi mwenyewe huitwa Futi, kwa sababu futi ya kupimia haijapata kushuka shingoni mwake, hata siku alipomzika mkewe. Siku hiyo tunayoisimulia cherehani ilikuwa kimya. Futi ameshika simu kwa mikono miwili na kuikodolea macho kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

— Imekataa tena, alisema.

— Inasemaje? aliuliza Wakili.

— "Nafasi haitoshi." Jana hivyo hivyo, juzi hivyo hivyo. Na binti yangu anapiga saa kumi anioneshe mtoto!

Hapo hata Shangazi aliweka birika chini. Mtaa mzima ulijua habari ya mtoto. Mjukuu wa kwanza wa Futi alizaliwa wiki iliyopita, mbali, safari ya basi na basi jingine tena, akapewa jina la marehemu bibi yake. Walioko huko walisema amekuja na paji lile lile la uso la bibi, pana, lenye kujiamini. Binti alituma picha. Kwa Futi zikafika kiduara tu, kinazunguka, kinazunguka, hadi kizunguzungu kikamshika babu. Programu ya kupigiana simu za video nayo ilidai isasishwe kwanza, na kila akiisasisha, nafasi haitoshi. Watu wote walikwisha kumwona mtoto ila babu yake.

— Nipe simu yako Wakili, nipokelee huko.

— Yangu imejaa tangu msimu uliopita. Haifungui hata kikokotoo.

— Breki?

— Yangu ndiyo usiseme.

— Yangu nimeiuza jana. Basi dawa ni moja, alisema Chaji, akahamisha kalio lote benchini, jambo alilolifanya kwa nadra. Turuti.

— Ndiyo nini hiyo? aliuliza Shangazi.

— Shangazi, hii simu Futi ameinunua, sivyo? Lakini si yake. Ni kama umenunua nyumba, halafu aliyeijenga akabaki na ufunguo wa stoo, na humo stoo amejaza vitu vyake. Wewe huwezi kuvitoa. Kuruti ni kuvunja lile kufuli. Ukishavunja, unakuwa mwenye nyumba. Unafuta unachotaka.

— Vitu gani hivyo alivyoweka?

Chaji alitelezesha kidole.

— Tazama. Dira.

— Dira! alishangaa Futi. Mimi natoka nyumbani nakuja hapa, nageuka kona moja. Nipotelee wapi?

— Bei za hisa.

— Nina hisa mimi?

— Mchezo wa kupanga peremende. Hali ya hewa.

— Hali ya hewa naiona kwa macho! Vunja, Chaji. Vunja kufuli!

— Taratibu, taratibu, alisema Breki. Shemeji yangu aliruti simu yake. Leo inazuia mlango usijifunge kwa upepo. Ilizimika palepale ikawa tofali. Na zile ambazo hazifi, programu ya benki inazikataa. Inasema hii simu si salama, siingii. Mwenda pole hajikwai.

— Wee Breki, alidakia Chaji, wewe si ndiye uliyepindua lori likiwa limeegeshwa?

— Palikuwa na mteremko!

Wakili alikohoa. Wakili akikohoa, mahakama imeingia.

— Suala la msingi ni dhamana. Kwa mujibu wa sheria, ukivunja kufuli, dhamana imekufa. Futi, simu ulinunua kwa nani?

— Kwa huyu hapa.

Wote wakamgeukia Chaji.

— Dhamana yangu, alisema Chaji bila aibu, ilikuwa inafika pale kwenye kona. Na alikwisha kupita.

— Basi hakuna cha kupoteza, alihukumu Wakili. Na iwe sasa hivi. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Si wamekataza hapo? aliuliza Futi.

— Wamekataza mbili. Haraka moja hawakuigusa.

Kahawa ilizunguka. Futi alitazama saa ya ukutani mle kibandani. Hakutaka tena maneno. Lakini kijiwe hakijawahi kufanya jambo bila kulitafuna kwanza.

— Mimi nauliza, alisema Shangazi, hizo programu zilikuwa ngapi ulipoinunua?

— Sikuhesabu.

— Ndiyo kosa lako. Zinazaana. Unaziacha usiku kucha gizani, zimebanana, unategemea nini? Yangu nailaza chali, na taa naiacha inawaka.

— Shangazi!

— Cheka. Mimi yangu iko nyumbani imelala chali, imejaa nusu tu.

— Si kuzaana, alisema Wakili kwa sauti ya chini, akatazama kulia na kushoto. Ni kusikiliza. Hizi simu zinatusikiliza. Kila tunalolisema hapa linaingia humo. Sasa piga hesabu ya maneno ya benchi hili tangu tulipoanza kukaa. Breki peke yake anachukua nusu ya nafasi.

— Kama ni maneno, basi yana uzito, alijibu Breki, na hapo akawa hana breki tena. Maana yangu nimeipima. Nilikwenda buchani, nikamwambia muuza nyama aiweke kwenye mizani. Imeongezeka!

— Pamoja na kava?

— Kava nililitoa.

— Na mafuta ya nyama yaliyoganda kwenye mizani?

Breki alifikiri.

— Hayo sikuyatoa.

Walicheka mpaka benchi likalia. Futi naye alicheka, japo hakupanga, kisha akafuta macho kwa ncha ya futi.

— Jamani, saa kumi inakuja. Chaji, ruti.

Chaji alileta kompyuta yake yenye kioo kilichopasuka pembeni, akaunganisha waya na kuiweka simu juu ya meza ya kukatia vitambaa. Shangazi alimmiminia kikombe, akamwita daktari. Wakili akaomba watu wakae kimya ingawa yeye ndiye aliyekuwa anaongea. Chaji akabonyeza hapa na pale, simu ikazima, ikawaka, ikatoa maandishi mekundu. Akayasoma haraka, kama mtu anayesoma masharti asiyotaka yasikiwe:

— "Data zote zitafutwa. Endelea?"

Kidole kikaenda kwenye Ndiyo.

— Simama! alifoka Breki. Zote zipi?

— Zote. Kufuli likivunjwa, simu inakuwa tupu kama ilivyotoka kiwandani. Ndiyo utaratibu. Si ndiyo nafasi tunayoitaka?

Futi alichomoa waya kwa nguvu hata mkasi ukaanguka chini. Mle ndani mlikuwa na mkewe. Picha moja tu, aliyompiga bila kumwambia: yuko kwenye cherehani hii hii, pini mdomoni, anacheka bila kufungua midomo, paji la uso linang'aa kwa jasho. Hakuna nakala. Hakuna nyingine aliyocheka vile.

— Yaani nimwone mjukuu nimpoteze bibi yake? alisema, akiifumbata simu kifuani. Hapana. Bora nibaki kusimuliwa.

Wakili aliokota mkasi, akaurudisha mezani. 

— Basi tuitafute hiyo picha, alisema Chaji polepole. Tuihamishie kwenye kompyuta yangu kwanza, kisha uamue. Fungua hapo.

Simu ilipowaka sawasawa, Futi akafungua picha. Likatokea waridi: "Asubuhi njema." Akasogeza. Waridi jingine, na kikombe kinachofuka. Njiwa wawili, "Siku yako iwe na baraka." Mtoto wa paka, "Umeamkaje?" Waridi. Waridi. Video ya maporomoko ya maji yenye kinanda. Alisogeza kidole kikachoka, na mkewe bado yuko mbali, chini ya maua.

Wakati huo akaingia mteja, dada mmoja mwenye mkoba begani, amefuata gauni lake.

— Habari zenu. Gauni langu tayari?

— Nzuri, dada. Vumilia kidogo, tuko kwenye operesheni.

Dada akasogea, akachungulia juu ya bega la Futi. Akatazama maua yakipita, yakipita.

— Makubwa! Nani anakutumia yote haya?

— Hawa, alisema Futi.

— Hawa hapa?

— Ehe. Kila asubuhi. Nami nawatumia. Tuna kundi letu.

— Kwani wanakaa mbali?

— Wanakaa hapa benchini.

— Na wanapotuma, wanakuwa wapi?

— Si hapa hapa!

Dada alitazama benchi, akawatazama mmoja mmoja, kwa nia njema kabisa, bila dharau hata chembe.

— Sasa mbona msiseme tu, habari za asubuhi?

 Shangazi alishika birika hewani. Breki alitazama viatu vyake. Wakili alifungua mdomo, "Kwa mujibu wa..." akaufunga.

Futi alijua lilikoanzia. Mwaka ule Breki alivunjika mguu akalazwa, na bonde lake la benchi likawa wazi, halitazamiki. Ndipo walipoanzisha kundi, ili kila asubuhi apate salamu ya kila mmoja. Wakili akatunga sheria: asiyetuma kabla ya kikombe cha kwanza, anawanunulia wote kahawa. Breki akarudi na magongo. Kisha akarudi bila magongo. Sheria hakuna aliyeifuta. 

— Haba na haba, alinong'ona Shangazi, hujaza simu.

— Kumbe hata bei za hisa tumezisingizia bure, alisema Chaji, akalipuka kucheka. Lete hapa, Futi! Operesheni imefutwa. Tunafagia.

Wakafagia. Waridi baada ya waridi, njiwa, paka, maporomoko, huku kila mmoja akitetea la kwake. "Hilo langu lilikuwa zuri!" "Lilikuwa limepinda!" Huko chini kabisa wakakuta jogoo mwenye kofia, ametumwa kutoka kitanda cha hospitali, na maandishi: "Bado nipo." Chaji alipotaka kumfuta, Futi alimshika mkono.

— Huyo mwache.

Breki akajifanya anatazama barabara. Na chini ya jogoo, mama wa pini, anacheka kwa midomo iliyofumba. Chaji akaihamishia kwake, tena mara mbili, bila kuombwa.

Programu ikasasishwa. Simu ikalia. Saa kumi ilikuwa haijatimia, lakini furaha haina subira. Sura ya binti ikajaa kioo, imechoka na kuchanua, kisha kioo kikainama, na pale akatokea mtu mdogo amefunikwa blanketi, amekunja uso kwa hasira ya kuamshwa. Paji lilikuwa lile lile.

— Bibi yake! alipiga kelele Futi. Jamani, mtazameni bibi yake!

Machozi yalimtiririka hadharani wala hakuyaficha. Benchi zima liliingia kwenye kioo, vichwa juu ya vichwa, Shangazi akipiga vigelegele, dada wa gauni naye kajipenyeza. Futi akaivua ile futi shingoni, kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

— Mwanangu, weka kiganja chako kando ya mtoto. Nataka kumpima gauni.

— Baba, kwenye simu?

— Weka tu. Kiganja chako nakijua, mimi ndiye niliyekushonea sare ya shule.

Akapima, akataja vipimo kwa sauti, Wakili akavithibitisha. Mtoto akapiga mwayo mkubwa kuliko yeye mwenyewe, na watu wazima sita wakashangilia kama goli limeingia.

Simu ilipokatika, walirudi kila mtu bondeni kwake. Futi aliketi mwisho wa benchi, bega kwa bega na Breki. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeona. Mara simu yake ikalia mlio mfupi mkononi. Akaitazama. Waridi jekundu, na chini yake: "Hongera, babu." Limetoka kwa Breki.

Breki alikuwa ametazama mbele, mikono magotini, uso mkavu, mtu asiyejua lolote.

Dada wa gauni alifungua mdomo kuuliza, kisha akaacha. Futi alitafuta ua moja lililosalia ufagio ulipopita, akalipata, akabonyeza. Mfukoni mwa Breki simu ikatoa mlio mfupi.