Mlango wa Mnara wa Odra

Benchi lile lilikuwa ukingoni mwa mto Odra, hatua kumi kutoka kibanda cha kahawa, na kila asubuhi wazee watatu walilikalia. Katikati alikaa Longin, aliyeitwa Daktari kwa sababu kwa miaka thelathini alikuwa akimshikia daktari wa mifugo ng'ombe wa kutibiwa. Kulia alikaa Ryszard, aliyeitwa Nahodha, ingawa kwenye matishari ya mizigo mtoni alikuwa mpishi. Kushoto alikaa Teofil, asiye na jina la utani, ambaye tangu amzike mkewe Truda mwezi wa pili, alikuwa akifika kabla ya wenzake. Wiki ile fundi kutoka mji mwingine alikuwa akipanga mawe mekundu mbele ya benchi, kuonyesha mahali uliposimama mnara wa kale wa ulinzi. Teofil alitaka alama hiyo iwe sahihi. Truda alicheza chini ya mnara huo utotoni, na mjini hapakuwa na kitu kingine cha kuukumbusha utoto wake.

Daktari alikwishaanza kusimulia. Kwa maelezo yake, mnara ulijengwa ili kufungia mnyororo mtoni, mashua za adui zisipite. Nahodha akasema mnyororo ni porojo. Palikuwa na njia ya chini kwa chini hadi kwa watawa, ng'ambo ya mto.

— Chini ya mto? Na maji yakawa yanasubiri ruhusa?

— Watu wa zamani walijua kujenga, Daktari. Wewe ulijua kushika mkia.

— Na wewe mwiko.

Hadithi ikakua: njia ikapata farasi, farasi wakapata dhahabu, na kufikia kikombe cha pili mnara haukuwa umebomolewa hata kidogo, bali ulizama wenyewe, mzimamzima, na paa lake lilikuwa chini ya viatu vyao.

Teofil aliyatazama mawe mekundu. Wote walijua kwamba ulibomolewa mwaka 1950, matofali yakapelekwa kwa treni kuijenga upya Warszawa iliyoharibiwa vitani. Lakini wao watatu walikuja wakiwa watoto, kwa treni za wahamiaji kutoka mashariki, miaka saba baadaye. Wenyeji wengi walikuwa wamekwishafukuzwa baada ya vita, mpaka uliposogezwa na mji ukawa wa nchi nyingine. Familia ya Truda ilikuwa miongoni mwa chache zilizobaki, na waliobaki hawakuulizwa kitu. Walijifunza kusema kwa sauti ya chini, na wageni wakajitungia historia ya mji.

Fundi akainuka, akajipangusa magoti.

— Samahani, wazee wangu. Duara linakaribia kufungwa, na nataka kuacha nafasi ya mlango. Ulikuwa upande gani, wa mto au wa mji?

Daktari akasema wa mto, kwa ajili ya mnyororo. Nahodha akasema mlango ulikuwa juu kabisa, watu wakipanda kwa ngazi ya kamba.

— Namuuliza aliyeuona, fundi akasema.

Wakatazamana.

— Mke wangu aliuona, alisema Teofil.

— Afadhali. Mpigie simu, mzee, nitasubiri.

Daktari aliinamia kikombe chake. Nahodha, ambaye hakuwahi kukosa neno, alimgusa fundi kiwiko na kumtikisia kichwa. Fundi akavua kofia.

— Pole sana, mzee wangu. Nisamehe. Na hakuwahi kukuambia?

Ilikuwa Jumapili, miaka mingi nyuma. Truda alikuwa akikata tambi za supu ya kuku. Alisema kwamba mama yake alikuwa akimkalisha kwenye kizingiti cha mnara, na kwamba kutoka pale aliweza kuona... Hapo Teofil alimkatiza. Alikuwa ametoka benchini, kichwa kimejaa, akamweleza habari zote za mnyororo. Truda alimsikiliza hadi mwisho, kisu kikiendelea kukata. Kisha akapakua supu.

— Alianza, alisema Teofil. Nikamkatiza.

 Fundi alisubiri kidogo, akitazama mto, kisha mji. Akavaa kofia, akapiga magoti na kuendelea kupanga, jiwe kwa jiwe. Alipofika mbele ya benchi, Teofil alisogeza miguu kumpisha, na duara likafungwa pande zote, bila mlango.