Mkasi na Bustani Yake ya Maua ya Kudumu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, mtoto wa nne wa mpiga chapa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akaacha bila kinyongo ili wadogo zake nao wasome, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yake.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali, akatia viraka mashuka ya wagonjwa kwa miaka thelathini na mitano. Wenzake walimwita Mkasi, kwani mkasi wake ulining'inia shingoni hata akienda kunywa chai. Huko ndiko alikopata daisi, maua yake ya kwanza: mtunza bustani alikuwa anazitupa, yeye akazibeba nyumbani ndani ya foronya.

Tarehe 17 Agosti 1974 aliolewa na dereva wa lori, wakajaliwa watoto watatu. Walipendana, ila uwanja wa mbele uliwagombanisha. Mume alitaka sakafu ya kuegesha gari. Yeye alitaka daisi, jeraniamu na lavenda, maua yasiyohitaji kupandwa upya kila msimu. Siku moja mwaka 1983 alirudi kazini akakuta nusu ya bustani imemwagiwa zege. Hakupaza sauti. Alipakua chakula kama kawaida, akanyamaza siku tisa. Siku ya kumi mume aliazima mtaimbo kwa jirani.

"Unavunja nini tena?" jirani akamuuliza.

"Ujinga wangu."

Tangu hapo bustani ilistawi. Shina likinenepa, marehemu alilichimbua, akaligawa, akawapelekea majirani. "Ua likinyauka likate, usilionee huruma," aliwaambia. "Ndipo shina litakuletea jingine." Leo nyumba kumi na moja za mtaa ule huchanua karibu mwaka mzima.

Oktoba 2021 moyo ulianza kumsumbua, akawa hawezi kuinama. Aliwekewa kiti mlangoni, mume akashika kazi ya kukata maua yaliyonyauka.

"Baba watoto, hilo ni tumba, si kavu."

"Macho yangu yamechoka, mama."

"Yalikuwa mazima ulipomwaga zege."

Walicheka hadi akaishiwa pumzi.

Asubuhi ya tarehe 14 Machi 2024, akiwa kitandani kwake, aliuliza kama maua yamemwagiliwa. Mumewe alimjibu yameshamwagiliwa. Hayakuwa yamemwagiliwa. Saa nne na robo marehemu alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Mzee alimfunika vizuri, akatoka na ndoo, akamwagilia shina moja moja mpaka la mwisho. Ndipo akawapigia watoto simu.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano na dada yake mdogo.

Alale kwa utulivu. Alichoshwa na kazi njema.