Fundi Ngoja Kwanza na Rivolva Iliyoambiwa "Tupa"

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi wetu wa silaha anastaafu baada ya kuitumikia klabu yetu ya shabaha kwa miaka thelathini na mmoja. Wote tunamwita Ngoja Kwanza, hata mkewe, kwa sababu hajawahi kugusa skrubu kabla ya kuyatamka maneno hayo mawili.

Alianza kwa kufagia maganda ya risasi hadi akakabidhiwa funguo za chumba cha silaha. Kipenzi chake ni rivolva ndogo za mafunzo, zile ambazo vilengeo vyake, alama za kulengea shabaha, havirekebishwi: cha mbele kimeshikana na mtutu, cha nyuma ni mfuo tu kwenye chuma. Husema silaha ya namna hiyo haiamrishwi, huulizwa.

Mwaka jana rivolva tunayoiita Mkaidi ilinitesa. Kila nikifyatua, risasi zinakwenda chini kushoto, na mtihani wangu wa ualimu wa shabaha ulikuwa Jumamosi, kwa Mkaidi hiyohiyo. Mwenyekiti akapita, akaiangalia, akasema, "Hiyo tupa," akaenda zake. Mtunza stoo akaleta sanduku la vyuma chakavu. Mimi nikakimbilia tupa ya kusagia chuma, maana kilengeo cha mbele kikipunguzwa, risasi hupanda.

Mzee, fundi wetu, akatuzuia wote wawili. Ngoja kwanza. Kilichosagwa hakiongezeki tena.

Akamwita mwalimu wa zamu aifyatue. Matundu yake yakawa chini pia, ila katikati. Kumbe kushoto kulikuwa kwangu: kidole changu kilikuwa kinausukuma mtutu kando. Na chini je? Mzee akaondoa risasi za kasi, akaweka za polepole. Matundu yakapanda! Akatueleza, macho yakimcheka, kwamba mtutu huanza kuinuka risasi ikiwa bado ndani, kwa hiyo inayochelewa kutoka huukuta umeinuka zaidi.

Jumamosi nilifaulu. Mkaidi imo kabatini, kilengeo chake kizima, na mwenyekiti hadi leo hakumbuki alimaanisha tupa ipi. Yule mwalimu wa zamu sasa ni mume wangu, neno ambalo bado naliandika nikitabasamu peke yangu. Siku ile ya kuijaribu Mkaidi alinishikia karatasi yangu ya shabaha kama mtu aliyeshika ua, nami nikasahau kabisa habari za mtihani.

Kwenye harusi yetu mwezi uliopita, Mzee aliombwa atuase. Alisimama, akakohoa, akasema tukikosana tusikimbilie tupa, ya aina yoyote. Ukumbi mzima ulicheka. Sisi wawili tulishikana mikono.

Asante, Mzee wetu, kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kusaga. Tunakutakia wewe na mama siku za polepole, zile zinazopiga juu.