Simu ya Boaz Iachwe Wazi

Kijiwe hiki cha Kalangalala kina benchi moja refu nje ya duka la vipuri vya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na tangu mvua zianze kina sheria moja tu: simu ya Boaz isipigwe. Boaz alifanya usaili wa ufundi umeme kwenye kampuni inayohudumia mgodi, akaambiwa aende nyumbani, atajulishwa. Basi kijiwe kizima kikajitwika kazi ya kumlindia laini. Mama yake aliyeko Ushirombo, ambaye ameshaichosha jumuiya yake kwa sala za kumwombea, akitaka kuongea naye hupiga simu ya Waziri. Na kwa kuwa mchana Boaz hufanya kibarua kwenye karasha, ambako hata ukipigiwa kengele ya kanisa sikioni huisikii, simu yake hushinda kwa Waziri, mfukoni mwa shati.

Waziri mwenyewe si waziri wa chochote. Anaitwa Telesphori, msimamizi wa maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, aliyeachishwa kazi hiyo na maradhi ya kifua, na cheo alipewa kwa kupenda kutoa maagizo. Mbishi mwenzake ni Masele, fundi wa ving'amuzi, anayeitwa Dishi kwa sababu eti hakuna kinachompita. Jilala anawauzia kahawa na kuwasikiliza, maskini, bila malipo ya ziada.

Alasiri moja Boaz alirudi na vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Akakaa, akasimama, akakaa tena.

— Shikamoo, Waziri. Kuna chochote?

— Marahaba. Kimya.

Kimya hicho ndicho kilichokuwa kikimmaliza. Angeambiwa amekosa, angeumia wiki moja kisha angemfuata kaka yake Bukombe wakalime. Angeambiwa amepata, angemwambia mama. Sasa hakuwa wa huku wala wa kule, na kila mama alipouliza alikuwa anatunga neno jipya la kumtuliza. Maneno yenyewe yalikuwa yamekwisha.

— Mimi nataka kujua kitu kimoja, alisema. Mtu anashindwa nini kusema "umekosa"?

Dishi akajikohoza. Alieleza kwamba ukimwambia mtu amekosa atadai sababu, na sababu hawana, kwa hiyo wananyamaza. Waziri akalikataa hilo papo hapo. Yeye alikuwa na habari za uhakika, ingawa hakusema kutoka kwa nani, kwamba kila kampuni kubwa ina mtu aliyeajiriwa kwa ajili ya kutowapigia watu. Anaingia asubuhi, anakaa na simu mezani, hampigii yeyote, jioni anarudi nyumbani. Na kazi hiyo, alisema Waziri, nayo ina usaili wake. Jilala akauliza kama waliokosa kazi hiyo hujulishwa, akaambiwa amimine kahawa.

— Nyie hamjaelewa, nkoyi, ndugu zangu, alisema Dishi akiinama. Kimya ni usaili wa pili. Wanakupima uvumilivu. Wanaweza kutuma mtu hapa hapa, akakaa akanywa kahawa, anakuangalia tu kama una pupa.

Boaz alijua ni upuuzi. Hata hivyo alijikuta anajipangusa vumbi shingoni na kukaa wima.

— Na simu je, hakuna kabisa iliyoingia?

— Za matapeli tu, alisema Waziri. Leo nimekata mbili.

Huo ulikuwa utaratibu wao, na walikuwa wanaujivunia. Dishi alikwisha kutangaza kwamba kampuni ya maana hupiga kwa simu ya mezani. Hivyo namba yoyote ngeni ya kiganjani ilikatwa hapo hapo, kabla haijamaliza kuita, maana ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukiwapa nafasi wakuongeleshe, kampuni itapiga, itakuta laini inatumika, itamrukia mwingine. Boaz aliukubali utaratibu huo kwa moyo wote. Alishukuru kuwa na watu wanaomjali kiasi hicho.

Ndipo bodaboda ikamshusha mama mmoja mwenye kitenge cha kijani. Alilipa, akasimama akiwatazama mmoja mmoja bila haraka. Dishi akamkanyaga Boaz mguu. Waziri akafunga vifungo vya shati.

Lakini Boaz alimtambua. Alikuwa Mama Evelina wa Buseresere, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kabla ya ile kampuni, Boaz alikwenda kwake kutafuta kazi; mama huyo alimfungulisha mota, akamwangalia anavyoifunga tena, akasema atampigia. Naye hakupiga.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Nimeanzia kwenye karasha uliyoniambia, wakasema uko huku. Nimefuata mkanda wa mashine hapa dukani, nikasema nisipite bila kukuona. Ile kazi nimempa mtu mwingine.

Habari hiyo ilimuuma Boaz. Pamoja na maumivu hayo, alijisikia mwepesi kidogo, maana huyu alikuwa mtu wa kwanza kumjia na jibu.

— Nilikutaka wewe, aliendelea Mama Evelina. Nimepiga, ikakatwa. Nikapiga tena, ikakatwa. Nikasema huyu kijana hanitaki, basi. Ila nimeona si vizuri uendelee kuningoja.

Waziri ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo kuliko cheo chake, akaeleza habari ya matapeli na simu za mezani na laini kuachwa wazi. Mama Evelina alimsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

— Sasa hizo nyingine mlizokata, zilikuwa za nani?

Dishi alimtazama Waziri, Waziri akatazama kikombe. Jilala alijifanya anapuliza makaa.

Boaz akanyoosha mkono, akapewa simu yake. Namba ngeni zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani, na moja ilijirudia tangu wiki ile ya usaili. Akaipiga. Dada mmoja wa ile kampuni alipokea, akauliza Boaz yupi, akasikika akimwuliza mtu pembeni, akarudi. Alisema walimpigia mara kadhaa, akawa anakata, wakachukulia kwamba amepata pengine. Aliyechukuliwa ameshaanza kazi. Akasema pole, kaka.

— Asante kwa kunijulisha, alisema Boaz, na alimaanisha.

Waziri alikuwa amejikunja kwenye benchi kama mwenye homa. Alimwomba Boaz asimwambie mama yake leo, wajipange kwanza, watafute namna ya kulisema taratibu. Dishi naye alikuwa na wazo. Boaz hakuwasubiri. Aligeuka upande, akapiga Ushirombo kwa simu yake mwenyewe.

— Shikamoo, mama. Ile kazi nimekosa.

Mama yake akasema afadhali amejua, kwa sababu alikuwa hajui tena aombe nini.