Njia ya Kushuka Ziwani

Nje theluji ilikuwa imefika madirisha ya magari yaliyoegeshwa. Ndani ya basi letu la mjini Duluth, mama mmoja mwenye mvi aliona koti la jirani yake wa kiti limeandikwa jina Einar na lina picha ya katapila.

"Kumbe unachimba, kaka? Nataka njia ya kushuka ziwani, ya kiti cha magurudumu. Mume wangu ngazi zimemshinda."

"Tuipange sasa, mama. Theluji ikiyeyuka, watu wote watanipigia simu kwa mpigo."

"Tupange nini na ardhi imeganda kama jiwe? Nitakutafuta Mei."

"Mei utanikosa, nakwambia."

Mama alitazama glavu zake. "Daktari hana hakika kama mzee ataifikia Mei. Nimwonyeshe njia ambayo huenda asiipite?"

Mimi, kiti cha nyuma yao, nilijifanya nasoma tangazo nililolisoma majira yote ya baridi. Einar alivua kofia. "Nije nipime, yeye achague ipite wapi. Hilo halingoji Mei."

"Atakubishia. Mkaidi huyo!"

"Wateja wangu wote wakaidi."

Basi likasimama. Mama alishuka bila kuaga, kisha akageuka, akaionyesha kwa kidole nyumba yake ng'ambo ya barabara. "Njoo mchana," alisema. "Jioni huwa amechoka."