Waringa wa Mungai, Mtabiri wa Maji ya Satellite

Marehemu Waringa Mungai alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kikuyu, kifungua mimba wa Mzee Kibe na Mama Hannah. Alisoma shule za hapo nyumbani, kisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akahitimu hisabati mwaka 1984.

Aliajiriwa katika ofisi moja ya maji Westlands, akiunda modeli za kompyuta za kutabiri mifereji ingekauka lini. Hamu yake maishani ilikuwa moja: aseme jambo litakuwa hivi, na liwe hivyo hivyo.

Kiangazi cha 1991 alitangaza kanisani mtaani kwetu Satellite, Nairobi, kwamba maji yangekatika Alhamisi. Loo! Watu walikimbilia mifereji na kila ndoo, sufuria na karai. Kufika Jumanne, hapakuwa na hata tone. Mwenye ploti ya nyumba za kupangisha, Lazarus Mungai, akamjia juu mlangoni.

"Si ulisema ni Alhamisi? Leo ni Jumanne na tangi yangu imekauka!"

"Nilihesabu mabomba, matangi na mvua," Waringa akasema. "Nyinyi sikuwahesabu."

Mungai alicheka mpaka hasira zikamtoka, akaomba chai. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa Kuria na Kui.

Tangu hapo aliingiza watu katika modeli, na hapo ndipo kazi ilipomshinda. Akitangaza, wanachota kupita kiasi. Akinyamaza, wanasema anaficha jambo, wanachota vilevile. Alistaafu mwaka 2021 bila kupatia hata mara moja, na hakuna aliyecheka zaidi yake.

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua. Namalwa, mke wa Kuria, alipopata mimba, Mama yetu alitamani sana msichana, abebe jina lake, kwani kwa desturi yetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na mvulana la baba ya baba yake. Picha ya tumbo ikaonyesha mvulana. Baba akatembea mtaani kifua mbele, kwani jina lingekuwa lake. Mama ilimuuma, lakini akasema, "Hata hesabu yangu inasema ni kijana. Wacha hii angalau nipatie."

Tarehe 3 Juni 2025 Namalwa alijifungua msichana. Mama alipowekewa mtoto kifuani, alilia huku akicheka: "Asante Yesu, nimekosea tena!"

Alituaga usingizini tarehe 20 Juni. Ameacha mume, Mzee Lazarus Mungai; watoto, Kuria na Kui; mkaza mwana, Namalwa; na mjukuu mmoja.

Lala kwa amani, Mama. Waringa ameamka, anataka maziwa.